Dawa ya kuzuia moto kwenye makuti

Ndugu yangu wa Bagamoyo, umeuliza kama paa la makuti la mgahawa wako likipuliziwa dawa ya kuzuia moto halitaungua tena. Litaungua, ila kwa kuchelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakowapa wateja nafasi ya kutoka. Dawa nyingi za makuti, mbao na pamba zina chumvi za amonia na fosfati, ambazo zikipata joto hulifanya kuti ligeuke kaa jeusi badala ya kutoa gesi inayowaka. Zile za bromini, zilizotiwa sana kwenye plastiki za televisheni na sponji za makochi, huuzima mwali wenyewe, lakini baadhi yake ziliwekwa mwaka 2009 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, makubaliano ya mataifa ya kuondoa kemikali za sumu zisizooza upesi, kwa kuwa hudumu mno mwilini, hizo usizitafute.

Adui yako hasa ni mvua, kwani chumvi nilizozitaja huyeyuka majini na masika huziosha. Chovya makuti kabla ya kuezeka, yakauke vizuri, na kila masika yakiisha chomoa kuti moja la juu, ulijaribu kwa kiberiti mbali na jengo. Likishika mwali upesi, pulizia upya. Jiko la mkaa, kwa vyovyote vile, liondoe chini ya paa hilo.