Ukitaka ndugu zako warudi mezani, wape karata za kukufunga

Juzi dada mmoja wa Singida kanitumia ujumbe. Aliagiza karata za Magic kwa mtu aliyekuwa anarudi kutoka Uingereza, akawakalisha wadogo zake wakacheza jioni mbili, ya tatu kila mtu akawa na udhuru. Mmoja kichwa kinauma, mwingine Yanga wanacheza. Anauliza kama Waswahili hatuna subira na michezo ya namna hii. Kaambatanisha na picha ya fungu lake, yaani karata anazochezea yeye, na sikuhitaji kuikodolea macho. Counterspell nne za kuzima uchawi wa mwenzako, Lightning Bolt nne za kumpiga radi, zote safi, zimevalishwa plastiki. Wadogo zake kawapa makombo yaliyobaki kwenye boksi. Hapo hata mimi kichwa kingeniuma.

Kwa faida ya mgeni: Magic: The Gathering ulitungwa na Richard Garfield, mtu wa hesabu, ukaingia sokoni Marekani mwaka 1993. Kila mchezaji ni mchawi mwenye uhai 20. Unaanza na karata saba mkononi. Zipo za ardhi zinazokupa nguvu iitwayo mana, na kwa mana unalipia viumbe na uchawi, mpaka uhai wa mwenzako uishe. Rangi ni tano: nyeupe, bluu, nyeusi, nyekundu na kijani. Mengine utayajua ukicheza.

Kwetu ziliingia na binamu yangu, aliyehamia Dodoma na wizara yake wakati Serikali inahama kutoka Dar. Alifikia kwetu Ilazo akisubiri nyumba, na kwenye mizigo yake kulikuwa na boksi la viatu limejaa karata. Kipindi cha kujifunza nakiruka, kilikuwa cha kupigwa tu. Niseme tu kwamba leo binamu mwenyewe akija kwangu huwa anaomba aanze yeye.

Ninachotaka kueleza ni siku mama alipotoka Mpwapwa kuja kututembelea. Alikuta karata zimetandazwa mezani, ya juu kabisa ina pepo mwenye pembe. Akaniangalia. "Mwanangu, haya ndiyo mambo ya Freemason?"

Sikubishana naye. Mzazi akishataja Freemason, ukianza kumwelimisha umekwisha. Nilichofanya ni kutoa nyeusi zote zikarudi kwenye boksi, nikamtengenezea fungu la nyeupe na kijani: malaika, askari, tembo, na wale Llanowar Elves wadogo wanaokupa mana ya ziada. Na nilimtengenezea fungu zuri, bora kuliko langu la siku ile. Uhai wake tulihesabu kwa karanga ishirini kwenye kisosi, jambo ambalo silipendekezi kama una mpwa wa miaka minne, maana mama alifika uhai 14 kabla hajaguswa na kiumbe chochote.

Kuna karata inaitwa Pacifism. Unalipa mana mbili, unaibandika juu ya kiumbe cha adui, basi hakishambulii wala hakizuii tena. Mama alipotafsiriwa hiyo akacheka kwa mara ya kwanza jioni ile. Alisubiri nikashusha dude langu kubwa nililolilipia mana sita, akaiweka juu yake taratibu, akaipigapiga kwa kidole: "Kaa hapo, tulia." Mpaka leo hiyo ndiyo lugha ya nyumbani kwetu. Hata mtoto akisumbua mezani anaambiwa hivyo.

Kisha akamkuta shemeji yangu. Shemeji ni mtu wa karata za kopa na shupaza tangu ujana, pale Majengo wanamjua, na alikaa akijua anacheza na bibi kizee. Mama akashusha Serra Angel. Huyu malaika anapaa, kwa hiyo viumbe wa chini hawamzuii, na anashambulia bila karata yake kulazwa ubavu (iliyolazwa haiwezi kulinda), kwa hiyo zamu ya adui ikifika bado yupo analinda. Nguvu yake nne. Mapigo matano, uhai 20 umekwisha. Shemeji hakuwa na jibu. Alirusha karata mezani, akasema mbele ya watu kwamba mimi na mama tumepanga, na kwamba huu ni mchezo wa kitoto. Baadaye akarudi na sharti lake: tucheze kwa elfu mbili mbili ndipo ijulikane nani anajua. Nilikataa. Hajakaa mezani kwangu tena, na ukweli ni kwamba lile neno "mmepanga" bado linaniuma, maana kitu pekee nilichopanga ni mama asidhalilike.

Sheria za mwanzo kabisa za 1993 zilikuwa na kipengele cha dau: kila mmoja anatoa karata moja ya fungu lake pembeni, mshindi anachukua zote. Kipengele hicho kiliachwa. Ninyi mnaoingiza hela kwenye meza ya familia mnarudisha kitu ambacho wenye mchezo wenyewe walikitupa.

Sasa ushauri. Tengeneza mafungu yote mawili mwenyewe, yawe sawa. Karata 60 kila fungu, ardhi 24 ndani yake. Usimpunguzie mgeni ardhi ili umjazie viumbe ukidhani unamsaidia. Kwa ardhi 24, wastani mkono wa kwanza unashika karibu tatu. Ukimwekea 16 anashika chini ya mbili, atakaa zamu nne anakutazama wewe ukicheza, na huyo ndiye anayekumbuka ghafla kwamba ana nguo za kufua. Akipata mkono mbovu, mwache achanganye upya bila adhabu. Kwenye sheria rasmi za watu wawili angevuta saba tena kisha arudishe moja chini ya fungu, lakini nyumbani hakuna refa.

Halafu, baada ya kila mchezo, badilishaneni mafungu. Ukijisikia uzito kumkabidhi mwenzako lako, umeshajua kwamba hayakuwa sawa.

Suala la bei naulizwa sana. Hapa Dodoma sijaona duka linalouza, tunategemea wasafiri. Lakini si lazima uwe na karata za bei mbaya. Upo mtindo uitwao Pauper, unaruhusu zile zilizowahi kuchapwa daraja la kawaida tu, yaani zisizo adimu, na Lightning Bolt na Counterspell zote zimo, kwa hiyo usifikiri ni mchezo wa wanyonge. Zinazokosekana, nenda steshenari ukatoe nakala, ukate, uchomeke kwenye plastiki juu ya karata yoyote ya zamani. Mashindano rasmi hawakubali, mezani kwako nani atakukamata? Plastiki nunua hata kama umebana matumizi, kwa vumbi hili letu karata tupu haina maisha. Na usichezee barazani miezi ya upepo. Tulishawahi kufukuza jeshi zima la mtu hadi kwenye fensi ya jirani.

Commander, ule wa karata 100 na uhai 40 mnaocheza wanne, usimwanzishie mgeni. Atachoka kabla hajaelewa.

Jambo moja ninalogombana nalo na wengi: usimwachie mtu ashinde. Mtoto anajua, mama mkwe anajua, na akishajua umemhurumia hatakuamini tena hata siku atakayokupiga kihalali. Ndiyo maana narudia habari ya mafungu sawa. Mpe silaha kamili halafu cheza kwa nguvu zako zote. Watu wazima wengi hatutaki hivyo. Tunataka kushinda na tunataka kupigiwa makofi na tuliowashinda, tukikosa tunasema wenzetu hawapendi michezo. Walikuwa wanaipenda, wewe ndiye uliyewachosha! Kama huwezi kuvumilia kufungwa na mdogo wako kwa karata ulizompa kwa mkono wako, cheza na simu, ipo Magic Arena.

Na shemeji, najua unasoma hapa. Jumamosi saa kumi tupo, fungu jekundu ni lako, elfu mbili yako iache nyumbani.