Mjini Athene, Bila "Katika"

Swali: Nimesoma kwamba jina la Athene kwa Kigiriki cha kale ni la wingi. Je, ni kweli, na lina asili gani? Nasi tuandike "katika mjini Athene" au "katika mji wa Athene"?

Jibu: Ni kweli. Wagiriki wa kale waliuita mji huo Athenai, jina la wingi kama yale ya miji ya Thebai na Mykenai, ingawa mshairi wao Homer aliwahi kuutaja kwa umoja katika utenzi wa Odyssey, na Wagiriki wa leo nao husema Athina, kwa umoja. Jina linahusiana na mungu wa kike Athena. Nani kati ya mji na mungu alimpa mwenzake jina, wataalamu wangali wakivutana, ila wengi huona kwamba mzizi wake si wa Kigiriki.

Sasa nije kwenye hiyo "katika mjini", uliyoichomeka mwishoni kana kwamba ni jambo dogo. Tazama sentensi hii, ambayo kila juma hunijia kwa sura moja au nyingine: "Mkutano ulifanyika katika mjini Athene." Ondoa "katika", sentensi inasimama, ibakize, lakini uandike "mji wa", inasimama vilevile, bakiza vyote viwili, "katika" na -ni ya "mjini", nawe umevaa kanzu juu ya kanzu katika joto la Mombasa. Wapo hata wanaoandika "katika mjini wa Athene", wakisahau kwamba nomino ikishapokea -ni huacha ngeli yake na kufuata upatanisho wa mahali: husemwa mjini kwetu au mjini mwetu, kamwe si "mjini wetu".

Wagiriki wa kale wenyewe wangewacheka. Walisema Athenesi kwa maana ya huko Athene, Athenaze kwa kwenda Athene, na Athenethen kwa kutoka Athene, bila kihusishi chochote mbele, kwa kuwa kiishio kilitosha. Wao walihitaji viishio vitatu. Sisi tuna -ni moja tu, na mwelekeo huamuliwa na kitenzi: yuko mjini, amekwenda mjini, ametoka mjini.

Anayeandika "Athens" namvumilia, ingawa Biblia ya Kiswahili imetuzoesha Athene na hiyo s ni mkia wa Kiingereza. Akiandika "katika mjini Athens", makala yake nairudisha kama ilivyokuja.