Si mahakama iliyoondoa Kiswahili

Ndugu, umeuliza ni hukumu gani iliyoondoa Kiswahili katika shule za Uganda. Hakuna. Hukumu kubwa ya 1954 ilihusu Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutesa kupelekwa uhamishoni Uingereza: mahakama ilisema serikali ilikosea kutumia kifungu cha 6 cha Mkataba wa 1900 kati ya Uingereza na Buganda.

Kiswahili ni habari nyingine. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza kiwe lugha ya elimu na utawala. Maaskofu wakapinga, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa naye akakikataa kwa maandishi. Baganda waliogopa kuunganishwa na Kenya ya walowezi, na kwangu hofu hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Mwaka 1952 serikali ikaacha kukitambua shuleni, isipokuwa shule za watoto wa polisi.

Ndiyo maana sisi tuliokulia kambi za polisi tuliitwa na mama zetu kwa Kiswahili: "We, nawa mikono uje ule!" Inaniuma sana kikiitwa lugha ya askari tu. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yamekifanya lugha rasmi ya pili.