Vifuniko vya besi: kuvua au kuacha?

Fundi, nimepata gitaa la besi la Fender, aina ya Precision, lenye vifuniko viwili vya chuma, kimoja juu ya pikapu (sumaku inayonasa mlio wa nyuzi), kingine juu ya daraja (chuma kinachobeba nyuzi mwishoni mwa bodi). Nivivue au niviache?

Swali hili haliishi kuja, na kila anayeuliza anasahau kusema anapigaje. Mkono wako wa kulia unakaa wapi? Kama vidole vyako huchezea juu ya pikapu, kifuniko cha pikapu kimekaa palepale unapopahitaji: vua. Kama unapiga kwa dole gumba karibu na shingo, hakikudhuru: acha. Wanaopiga nyuzi kwa dole gumba na kuzichomoa kwa kidole (slap) wavue cha pikapu bila kujadiliana. Wanaoziba nyuzi kwa kiganja wavue cha daraja. Skrubu zake zifungie kwenye mfuko mmoja na vifuniko, maana siku ya kuuza besi, mnunuzi atauliza viko wapi.

Je, ni kweli ile sauti nzito ya besi za zamani inatoka kwenye vifuniko?

Hapana. Kifuniko ni bati tu, ila kinagusa sauti kwa njia mbili. Kwanza, kinausukuma mkono. Uzi ukichomolewa mbali na daraja, milio ya juu hupungua na sauti hunenepa. Ukichomolewa karibu na daraja, hukauka na kukwaruza. Pili, na hili ndilo watu hawalitazami: geuza kifuniko cha daraja uone ndani. Fender walipotoa Precision mwaka 1951, ndani mwake mlikuwa na kipande laini cha kugusa nyuzi ili zisilie muda mrefu. Jazz Bass za kwanza, besi nyingine ya Fender, mwaka 1960, zilikuwa na vipande vya kitambaa kizito juu ya springi, kimoja kwa kila uzi; baadaye kazi hiyo ikaachiwa sponji. James Jamerson, mpiga besi wa Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, alikiacha kifuniko cha daraja na sponji yake, akafunga nyuzi bapa, zenye uso laini, akapiga kwa kidole cha shahada peke yake. Hapo toa bati, sauti ibaki ileile. Toa sponji, imekwenda.

Kwa hiyo anza na sponji. Chukua laini, ile inayobonyea kwa kidole bila kukataa. Pima nafasi iliyopo kati ya bodi na nyuzi mbele ya daraja, ongeza milimita 2 au 3, huo ndio unene. Upana sentimita 2, urefu wa kutosha kuvuka nyuzi zote nne. Iingize chini ya nyuzi, iegemee vile vijidaraja vinavyobeba uzi mmoja mmoja. Piga uzi wa E bila kubonyeza freti: noti isikike wazi, kisha izime upesi. Ukisikia "tuk" isiyo na noti, sponji ni ngumu mno au imesogea mbali na daraja. Mara nyingi E itakuwa hai na G imekufa, kwa sababu uzi mwembamba hunyamazishwa kirahisi. Punguza sponji kwa wembe upande wa G, kidogo kidogo. Halafu tyuni upya, kwani sponji inaweza kupandisha noti.

Na ile sponji ya miaka mingi iliyogeuka ulimbo, itupe. Inanyonya jasho na kulilisha nyuzi.

Kifuniko cha pikapu kinaondoa mvumo?

Kidogo sana, tena kikiwa kimeunganishwa na ethi. Pikapu ya Precision iliyogawanywa mara mbili, tangu 1957, inajifutia mvumo yenyewe. Kwenye Jazz, pikapu zote mbili zikiwa wazi sawasawa mvumo hufutika. Punguza moja, unarudi. Hilo si kosa la kifuniko. Kama mvumo unaongezeka ukishika nyuzi, weka multimita, kwenye kipimo cha ohm, kati ya daraja na sehemu ya nje ya jeki: isome karibu na sifuri. Isipofanya hivyo, waya ulio chini ya daraja umekatika au haugusi chuma.

Na wewe unayepigwa shoti mdomoni ukikaribia maikrofoni: acha kuuliza habari za vifuniko. Zima amplifaya, mwite fundi umeme.

Kifuniko kinatetemeka nikipiga A.

Bandika utepe mwembamba wa kitambaa kizito chini ya kingo zake, kaza skrubu hadi zikae, usizilazimishe.

Besi yangu haina matundu. Nitoboe niweke vifuniko?

Besi ya zamani, usiiguse kwa keekee. Tundu jipya linashusha thamani na halifutiki. Kama ni ya kawaida, jaribu kwanza bila kutoboa. Vifuniko vingi vimepimwa kwa nyuzi nne na daraja jembamba la bati. Daraja nene la kisasa halitaingia chini yake. Bonyeza uzi freti ya mwisho, uchomoe kwa nguvu: ukigonga bati, safari imeishia hapo.

Ukiendelea, bandika utepe wa karatasi juu ya rangi. Keekee iwe na unene wa shina la skrubu bila hesi zake. Jaribu kwenye kipande cha mbao. Panua mdomo wa tundu kidogo, la sivyo hesi zitanyanyua rangi na kuipasua. Paka nta, kaza kwa bisibisi ya mkono. Wanaotaka gundi ya pande mbili wajue kwamba rangi ya nitroselulosi inaweza kuliwa na gundi.

Nikirekebisha vijidaraja, lazima nivue kifuniko?

Ndiyo. Na sponji.

Kutu kwenye kromu nitoe kwa nini?

Karatasi ya aluminiamu iliyokunjwa, ichovye maji, sugua taratibu. Aluminiamu ni laini kuliko kromu, haitaikwaruza. Palipobanduka hapana dawa. Sufi ya chuma usiilete karibu na besi: chembechembe zake huvutwa na sumaku za pikapu, na kuzitoa ni kazi ya kuokota moja moja kwa utepe wa gundi.