MySQL inakufa, lakini anayemaliza memori ni Apache

SWALI: Nina seva ya Linux yenye RAM ya GB 4, ndani yake Apache (inayohudumia tovuti), PHP na MySQL (hifadhidata). Wageni wakizidi inakuwa nzito hadi SSH (njia ya kuingia kwa mbali) haiingii, kisha MySQL inazimika. Nikiiwasha upya inatulia siku mbili tatu. Niongeze RAM?

JIBU: Bado. Kwanza thibitisha kwamba kerneli (kiini cha Linux) ndiyo iliyoiua MySQL:

dmesg -T | grep -i "killed process"

Ukiiona mysqld (mchakato wa MySQL) hapo, usikimbilie kuilaumu. Memori ikiisha, kerneli huelekea kuua mchakato mmoja unaokalia memori nyingi kuliko mingine. MySQL ni mchakato mmoja mnene. Apache ni michakato midogo mingi, kwa hiyo hupona.

Sasa pima, tena saa ya msongamano, maana usiku wa manane utapata namba za kukupotosha:

ps -C apache2 -o rss= | sort -n

(Kwenye Red Hat na jamii yake andika httpd.) Namba hizo ni RSS, yaani RAM inayokaliwa na kila mchakato, kwa KB. Tuseme mingi ina MB 60. Apache inayotumia prefork (mtindo wa mchakato mmoja kwa kila muunganisho) kwenye Debian na Ubuntu huruhusu michakato 150: 150 × 60 ni MB 9,000, ilhali una 4,096. Hapo ndipo penye tatizo. Ikishaanza kutumia swap (diski inayotumika RAM ikijaa), kila ombi huchelewa, maombi mapya hurundikana, Apache huzaa michakato zaidi, na memori huzidi kuliwa.

Toa MB 1,000 za MySQL (pima yako, usinakili yangu) na 500 za mfumo. Zinabaki kama 2,600. Gawanya kwa 60, unapata 43. Fungua /etc/apache2/mods-available/mpm_prefork.conf uweke:

MaxRequestWorkers 40
MaxConnectionsPerChild 1000

Mstari wa kwanza ni kikomo cha michakato. Wa pili huzuia mchakato kunenepa bila kikomo, kwani baada ya miunganisho 1,000 hufungwa na mwingine kuanzishwa. Kwenye apache2.conf shusha KeepAliveTimeout (sekunde za kumsubiri mgeni aliyenyamaza) kutoka 5 hadi 2. Kwenye prefork, mgeni aliyekaa kimya bado ameshikilia mchakato mzima. Kisha systemctl restart apache2.

Logi sasa inaweza kukushauri uongeze MaxRequestWorkers. Usiitii. Wageni wachache kusubiri foleni kwa sekunde ni nafuu kuliko seva nzima kuanguka.

RSS huhesabu memori inayoshirikiwa mara nyingi, kwa hiyo hesabu hii imekaza kidogo. Afadhali hivyo.

Ukikuta michakato ya MB 150 au 200, tafuta hati ya PHP inayovuta jedwali zima kwa mkupuo. Kuhamia PHP-FPM (PHP kwenye michakato yake yenyewe) na event (mtindo mwepesi wa Apache badala ya prefork) kunasaidia sana, kwa kuwa picha na CSS hazitabeba tena PHP mgongoni, ila pm.max_children (kikomo cha michakato ya PHP-FPM) utaipata kwa hesabu hiihii. Kama michakato 40 haitoshi hata baada ya hapo, basi nunua RAM.