Kaka kahamishwa kutoka gereza la Ruanda, Mbeya, nimtafute wapi?

Pole dada. Utoke Tukuyu alfajiri na kapu la ndizi, ufike getini Ruanda uambiwe kaka kahamishwa! Shemeji yangu alinipitisha humo humo.

Usizunguke gereza kwa gereza. Nenda ofisi ya Mkuu wa Magereza wa Mkoa hapo Mbeya na majina yake kamili na namba ya kesi. Aliyehukumiwa huweza kupelekwa gereza la kilimo kama Songwe, au hata mkoa mwingine. Jeshi la Magereza ni moja nchi nzima.

Rufaa isisubiri. Kama alihukumiwa mahakama ya wilaya, kusudio la rufaa, yaani taarifa kwamba atakata rufaa, ni ndani ya siku 10, hata kupitia mkuu wa gereza. Sababu za rufaa, siku 45. Hapo muone wakili. Akitokea mtu anataka "hela ya kumrudisha", mkimbie.