Corvette ya 1979 imekuwa nzito Mwanza: shughulikia vakyumu na taimingi kabla ya kununua kabureta

Mkuu mleta uzi, umesema una Corvette ya 1979, injini ya inchi za ujazo 350 yenye kodi ya kiwandani L48, otomatiki, na kabureta yake ileile ya milango minne, Quadrajet. Dar ilikuwa inakwenda vizuri, tangu uipandishe Mwanza imekuwa nzito, plagi zinatoka nyeusi, na ukikanyaga mafuta mpaka chini inasita kwanza ndipo inaondoka. Wachangiaji wengi wamekwambia ununue kabureta kubwa na kemshafti (shafti inayofungua valvu) ya mbio. Mimi napinga. Hiyo injini bado haijafika mahali pa kuongezewa kitu, kwanza irudishiwe kilicho chake.

L48 ya mwaka huo ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 195, kompresheni 8.2 kwa 1. Hizo ni namba za usawa wa bahari. Mwanza tupo kama mita 1,140 juu, na mgandamizo wa hewa hapa ni karibu asilimia 87 ya ule wa pwani. Injini isiyo na tabo lazima ipungue, kwa hiyo hata ikiwa mpya kabisa hapa utapata farasi kama 170. Hizo zilizopotea hutazirudisha kwa spana. Ila kuna hasara ya pili juu ya hiyo: kabureta haijui kwamba hewa imepungua uzito. Inaendelea kumwaga mafuta kwa kipimo cha Dar, mchanganyiko unazidi mafuta kwa takriban asilimia 6, na ndiyo maana plagi zako ni nyeusi. Hii ya pili inatibika.

Kabla ya kugusa chochote, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya kila silinda, kwa psi). Injini iwe ya moto, toa plagi zote 8, fungua kabureta mpaka mwisho, chomoa waya wa BAT (unaoleta umeme) kwenye distributa, piga starta mizunguko minne au mitano kwa kila silinda. Usitegemee namba za vitabu vya Marekani. Silinda ambayo pwani ingesoma psi 150, hapa itasoma kama 130 na bado ni nzima. Cha kuangalia ni tofauti: ya chini kabisa isipungue robo tatu ya ile ya juu kabisa. Iliyo chini idondoshee kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi. Kama hapa kuna ugonjwa, acha kusoma uzi huu, fungua injini.

Ikiwa nzima, nunua geji ya vakyumu, yaani ya kupima injini inavyonyonya hewa. Hiki ndicho kifaa cha bei ndogo chenye manufaa kuliko vyote kwa gari hili. Iunge kwenye manifoldi, injini ikiwa ya moto na ipo kwenye sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta). Pwani ungetaka inchi 18 mpaka 20 za zebaki. Mwanza toa kama tatu na nusu, kwa hiyo 15 au 16 ni afya njema. Chini ya 13 ujue kuna mahali inavuta hewa au taimingi imechelewa.

Na kwenye Corvette ya kizazi hiki mahali pa kuvuta hewa pa kwanza kushuku ni taa za mbele. Zinanyanyuliwa kwa vakyumu, na mfumo wake una tangi, valvu za kubadilisha njia, mabulungutu mawili yenye ngozi ya raba nyuma ya taa yanayozisukuma, na mipira mirefu inayopita kila kona ya pua ya gari. Baada ya miaka zaidi ya 40 raba hizo zimekauka. Dalili ni taa moja kupanda polepole kuliko mwenzake, au gari likilala usiku taa inajiinua yenyewe. Kupima ni rahisi: kwenye manifoldi, chomoa mpira unaokwenda kwenye taa na uzibe tundu lake. Sailensa ikitulia na geji ikapanda, umempata mwizi. Urudishe mpira, kisha ufuate njia ukibana kila tawi kwa koleo lenye kitambaa mpaka mshale unyanyuke. Mara nyingi ni sili ya ile shafti inayotoka kwenye bulungutu. Halafu hamia mpira wa servo ya breki, mpira wa giaboksi, na gasketi chini ya kabureta. Usirekebishe kabureta hata robo ya bisibisi kabla vakyumu haijakaa sawa, utakuwa unatibu uvujaji kwa mafuta.

Sasa taimingi, yaani plagi inatoa cheche digrii ngapi kabla pistoni haijafika juu kabisa, maana hapa ndipo nguvu nyingi imelala. Pulei ya mbele ina pete ya nje iliyoshikwa na raba, na raba hiyo ikizeeka pete huteleza. Alama inakudanganya, fundi anaweka digrii 8 kumbe ni 2. Kwa hiyo hakiki kwanza mahali pistoni inapofika juu kabisa. Chomoa betri, toa plagi zote, funga kizuizi cha pistoni kwenye tundu la plagi namba 1, ile ya mbele upande wa dereva. Zungusha injini kwa mkono taratibu mpaka iguse, weka alama kwenye pulei mkabala na sifuri ya kibao cha taimingi. Zungusha kinyume mpaka iguse tena, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pistoni ilipo juu kabisa. Kama alama ya kiwanda haipo hapo kwa zaidi ya digrii mbili, pulei ni ya kubadilisha, kwa sababu pete iliyoteleza itaendelea kuteleza.

Ukiwa bado na spana ya krenki mkononi, pima na cheni ya taimingi. Fungua kifuniko cha distributa, zungusha krenki upande mmoja mpaka rota ianze kusogea, simama, kisha rudisha kinyume ukihesabu digrii mpaka rota isogee tena. Zikizidi 8 au 10, cheni imelegea. Gia ya juu ya kiwandani ina meno ya nailoni, na hupasuka vipande vinavyokwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Weka seti ya chuma tupu. Kemshafti iliyochelewa kwa cheni kulegea inaua nguvu ya chini, ileile unayoilalamikia.

Kuweka taimingi: chomoa mpira wa vakyumu wa distributa na uuzibe. Kama taa yako ya taimingi haina kipimo cha digrii, pima utepe wa karatasi. Pulei ya inchi 8, digrii 36 ni milimita 64 kwenye mzingo. Ya inchi 6.75 ni milimita 54. Piga alama hapo. Kinachotakiwa ni digrii 34 mpaka 36 injini ikifika RPM (mizunguko kwa dakika) 3,000, sio ile namba ya sailensa. Springi za kiwandani kwenye distributa hii ni ngumu kwa ajili ya sheria za moshi za wakati ule, hivyo taimingi inafika mwisho imechelewa. Badilisha springi mbili zile kwa nyepesi, na safisha vyuma vinavyocheza chini ya rota, huwa vimeshikwa na kutu. Sailensani utajikuta kwenye 10 mpaka 14, ni sawa.

Kidude cha vakyumu pembeni ya distributa, kile kinachowahisha cheche injini ikinyonya, kina siri ya huku kwetu. Vingi vinahitaji inchi 16 au 17 kufunguka kikamilifu. Pwani havina shida. Mwanza sailensa yenyewe ni 15, ukiweka gia inashuka zaidi, kwa hiyo kidude kinabaki nusu njia kikichezacheza na sailensa inapanda na kushuka. Mafundi wanasingizia kabureta. Tafuta kidude kinachomaliza safari yake kwenye inchi 11 au 12 na kisichoongeza zaidi ya digrii 12 za krenki. Na uangalie nyaya mbili nyembamba za koili ya ndani ya distributa: kidude kikivuta, nyaya hizo hujikunja kila mara mpaka zinakatika ndani ya plastiki. Injini inamisi ukiachia mafuta au ukienda taratibu, ukikanyaga inatulia. Plagi ziache nafasi ya inchi 0.045, mpangilio ni 1-8-4-3-6-5-7-2, na rota inazunguka kwa saa.

Jaribu kwenye mpando mrefu nje ya mji, sio mlima wa Bugando wenye wagonjwa na bodaboda. Kanyaga nusu, sikiliza. Ikinoki (ikitoa mlio wa kugongagonga), punguza digrii mbili.

Quadrajet usiitupe. Ni kabureta nzuri sana, milango midogo ya mbele inabana matumizi na ile mikubwa ya nyuma inatosha injini hii mpaka juu. Kubwa zaidi hapa haina kazi, hewa yenyewe imepungua. Ifungue, pima boya linalodhibiti kiasi cha mafuta kwenye bakuli: la plastiki hunyonya petroli, likawa zito, mafuta yakapanda kupita kiasi. Badilisha tu, usilikaushe. Chini ya bakuli kuna vizibo vidogo vinavyovuja petroli ndani ya manifoldi usiku. Vizibe kwa gundi ya epoksi inayostahimili petroli. Kisha sindano za mbele, zile zinazokaa ndani ya matundu ya mafuta (jeti) na kuyabana. Namba za jeti na sindano ni kipenyo kwa elfu za inchi. Mfano, jeti 73 na sindano 47: ukiweka sindano 49, njia ya mafuta inapungua karibu asilimia 6, kipimo kilekile tunachotafuta. Sindano ziwe za aina ya M4M, muundo wa Quadrajet yako, za kabureta za zamani zaidi hazikai sawa.

Kule kusita ukikanyaga kunatoka kwenye milango ya nyuma. Kwanza, injini ikiwa imezimwa, mwenzako akanyage mpaka chini wewe ukitazama kwa juu: je, inafunguka wima? Kebo ikilegea haifiki. Choki nayo isipofunguka kabisa inaifunga milango hiyo kwa komeo, na watu wanaendesha miaka wakitumia nusu ya kabureta. Halafu ule mlango mwembamba wa juu: legeza kiskrubu cha Allen cha pembeni, springi iachie, ikaze mpaka mlango ufunge tu, kisha ongeza nusu mpaka robo tatu ya mzunguko. Ukilegea unafunguka ghafla, hewa inatangulia mafuta, gari linasita.

Kwenye ekzosti, moshi wa pande zote mbili unaingia kwenye katalisti (kisafisha moshi) moja ya punje, ambayo kwa umri huu mara nyingi imeziba. Shikilia RPM 2,500 ukitazama geji ya vakyumu. Mshale ukishuka kidogokidogo wakati mguu haujasogea, imeziba. Angalia pia ile valvu ya kupasha joto chini ya manifoldi ya ekzosti, ikigandia ikiwa imefunga inakaba silinda nne. Mabomba mawili ya inchi 2.5, kila upande na katalisti yake ya kisasa, ndiyo nyongeza ya kwanza ninayokubali ulipie. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuyakunja, ila asibane kona.

Rejeta: gari hili linavuta hewa kwa chini, kwa hiyo kile kizuizi cha raba chini ya pua na sponji za pembeni lazima viwepo. Kati ya kondensa ya AC na rejeta hujaa vumbi na vile vijidudu vya ziwani. Osha kutoka upande wa injini.

Baada ya hayo yote, kama bado unataka zaidi, nenda kwenye hedi. Zenye namba 882, zilizo kwenye L48 nyingi, zinajulikana kwa kupasuka na chemba zake ni cc 76. Hedi za aluminiamu za cc 64 zinapandisha kompresheni yako mpaka karibu 9.2, na hewa ya huku inaruhusu bila kunoki. Kemshafti iwe ndogo: kwa konveta ya kiwandani ya giaboksi otomatiki, muda wa kufungua valvu usipite digrii 214 zikipimwa lifta ikiwa imenyanyuka inchi 0.050. Lifta ziwe mpya, zipakwe grisi ya kemshafti, pampu ya oili izungushwe kwanza kwa drili kupitia tundu la distributa, na injini ikiwaka tu ipande RPM 2,000 mpaka 2,500 kwa dakika 20, na oili yenye zinki ya kutosha. Ukiiacha kwenye sailensa dakika hizo za mwanzo, kemshafti inalika.

Sababu ya kusisitiza ndogo ni breki. Kemshafti kubwa inashusha vakyumu, na hapa tayari umepungukiwa inchi tatu na nusu. Ukibaki na 9 au 10, taa zinanyanyuka kwa uvivu na servo inaishiwa. Kwa hiyo ukimaliza kufunga, washa, acha kwenye sailensa dakika moja ukiwa kwenye gia na breki ya mkono imeshikwa, zima, kisha kanyaga breki mara tatu. Kama mkanyago wa pili tayari ni mgumu, weka tangi la akiba na pampu ya vakyumu ya umeme kabla ya kuingia barabarani.